Kasoro: Mpiga Gitaa Anakohoa

Wageni wakiingia sebuleni kwangu siku hizi hunusa mara mbili, halafu humuuliza mke wangu kwa adabu kama ameanza biashara ya achari. Hajaanza. Harufu ile ya siki ni muziki. Ni muziki kweli, wa Wasambaa, Wabondei, Wadigo, Wazigua na Wasegeju, umo kwenye maboksi ya sabuni yaliyopangwa toka sakafuni hadi usawa wa dirisha, na wala si mali yangu. Ni wa Karani, rafiki yangu aliyekuwa karani wa mizigo wa Reli. Aliuleta hapa "kwa wiki moja tu" alipohamia Dodoma kwa binti yake. Wiki hiyo bado inaendelea.

Mikanda ya zamani ya kurekodia, ile ya asetati, ikizeeka hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na mmoja ukianza huwaambukiza wenzake. Hilo nimefundishwa na Karani. Mambo mengi yasiyoingiza hata shilingi nimefundishwa na Karani.

Tulifahamiana mwishoni mwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa napiga gitaa la rithimu katika bendi moja ya hapa Tanga ambayo sitaitaja, kwa sababu wapo wanaoidai mpaka leo. Mji ulikuwa mji hasa: Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walikwisha kuutangaza nchi nzima kwa dansi, Black Star na Lucky Star kwa taarabu, na kijana ukipita barabara za Ngamiani na gitaa begani, mabaraza yanageuka. Usiku mmoja ukumbini nikamwona mtu mzima, suruali ya kaki ya Reli, amesimama karibu kabisa na jukwaa, amefumba macho. Nikajua nimepata mshabiki. Nikaongeza manjonjo. Tulipopumzika akanifuata, akanishika mkono, akaniomba kwa upole tupunguze sauti. Nje mlangoni palikuwa na mama muuza karanga anambembeleza mtoto kwa wimbo wa Kidigo, na sisi tulikuwa tunamfunika.

"Wimbo wa yule mama utapotea," akasema. "Wenu mtaupiga tena Jumamosi."

Hapo ndipo urafiki wetu ulipoanzia na ndipo ulipobaki. Miaka yote hii, mtu huyu aliyewarekodi watwangaji, wachunga mbuzi, wapiga makasia, waganga, watoto wanaoruka kamba na mzee mmoja wa Pangani aliyekuwa akiimba anapokuna nazi, hajawahi kunirekodi mimi. Nilipomuuliza, alinijibu kama anayenipongeza: "Wewe hupotei. Upo redioni."

Rekoda yake ilikuwa ya Kijerumani, aina ya Uher, ameachiwa na mtafiti mmoja aliyerudi kwao. Ni chombo kizuri. Kwenye meza. Ukikipandisha kwa miguu kutoka Mombo kwenda milimani ndipo unapojua Wajerumani hawakufikiria mabega ya watu. Kilikuwa kinakula mawe makubwa matano kwa mpigo, na mawe, kwa vijana wasiojua, ndiyo betri, na miaka ile ya baada ya vita vya Kagera betri ilikuwa bidhaa ya kuombea dua. Karani aliyekuwa na pasi ya kusafiri bure kwa treni alikuwa anayatafuta moja moja kila stesheni, toka Korogwe hadi Moshi. Yaliyochoka aliyaanika juani juu ya paa, na ole wake mtoto atakayeyagusa.

Basi ikafika mwaka 1983. Vita dhidi ya wahujumu uchumi ikapamba moto, watu wanatupa bidhaa usiku zisije zikakutwa ndani, sabuni inaelea mferejini. Usiku wa manane hodi. Karani, na boksi. Limejaa mawe mapya.

"Nihifadhie kwa wiki moja tu," akasema. "Weka uvunguni."

Nikamuuliza kwa nini uvunguni kwangu na si kwake.

"Mimi mtumishi wa umma, bwana mdogo, nina heshima ya kuchunga. Wewe mwanamuziki. Ukikamatwa hakuna atakayeshangaa."

Nililala juu ya betri hizo nikisikiliza kila gari lililopita. Kila nikigeuka, kitanda kinalia. Mke wangu, ambaye tulikuwa tumeoana karibuni, aliniuliza kama hicho ndicho nilichomaanisha nilipomwambia baba yake kwamba nina akiba.

Nisimnyime haki yake: mtu yule alijua pa kuchimba. Wenzake wote waliotaka ngoma za asili walidhani lazima waende Kigoma au Mtwara. Karani akasema za nini nauli, Tanga ni ya mkonge. Mmea huo Wajerumani waliuleta mwaka 1893, na mashamba yake yakavuta watu kutoka kila pembe: Waha, Wabena, Wamakonde, Warundi, manamba waliokuja kwa mkataba wa muda na wakazikwa hapahapa. Kila kabila lilikuja na ngoma yake kambini. Kwa hiyo Jumapili moja, katika kambi moja ya njia ya Muheza, ungesikia Sindimba upande huu na zeze la Muha upande ule, na baina yao Karani akikimbia na kipaza sauti, nami nyuma yake nikikimbia na waya. Wapiga ngoma hao walikuwa wameuacha ujana wao mbali na kwao, na wengi hawakuwa na wa kumrithisha. Watoto wao walikuwa wananijia mimi niwafundishe gitaa. Karani alilichukulia hilo kuwa kosa langu binafsi.

Sharti lake kubwa lilikuwa kwamba wimbo wa kazi hauimbwi bila kazi. Bibi akiimba wimbo wa kutwanga huku amekaa kitako, Karani anazima rekoda. Anataka kinu. Anataka mchi. Na kwa kuwa mara nyingi bibi mwenyewe mgongo umekwisha kuchoka, anataka mtu wa kutwanga kwa niaba yake. Mnamwona aliyesimama pale na mikono miwili. Nimetwanga mahindi ya nusu ya wilaya ya Lushoto, vidole hivi vilivyozoea nyuzi vikatoka malengelenge, kisha Jumamosi napanda jukwaani siwezi kubana hata kodi moja. Mabibi walinicheka. Mmoja alimuuliza Karani kwa Kisambaa kama huyu kijana alilelewa na mama au na redio, na Karani, badala ya kunitetea, aliandika swali hilo daftarini.

Sasa hilo daftari. Lilikuwa la hesabu, la kurasa ndefu, na kila mkanda una ukurasa wake kwa mwandiko wa kikarani usiopinda: jina la mwimbaji, kijiji, nani alimfundisha, huimbwa saa ngapi, mikono inafanya nini, mvua au jua. Mwisho kabisa, mstari uliopigwa rula: Kasoro. Nilipopata nafasi ya kulisoma lote, baada ya maboksi kuhamia kwangu, nikagundua kwamba mimi ndiye mtu anayetajwa zaidi kuliko mwimbaji yeyote wa mkoa huu, na sehemu yenyewe ni hiyohiyo. Kasoro: mpiga gitaa anakohoa. Kasoro: mpiga gitaa ameuliza kama tutakula. Kasoro: jogoo, kisha mpiga gitaa. Na lile lililoniuma, la Soni: Mchi, mpiga gitaa; mapigo yanayumba. Mimi! Mtu wa rithimu! Nimebeba bendi nzima kwa mkono wa kulia, waimbaji wamelewa, mpiga ngoma amesinzia, wala haikuyumba, leo niandikwe na karani wa mizigo kwamba mapigo yanayumba.

Kuna mahali pamoja tu alipokubali nipige. Mawe yakianza kufa, mota ya rekoda hupunguza mwendo, na mkanda uliorekodiwa kwa mwendo wa kuchechemea ukija kupigwa kwenye umeme mzuri unakimbia: bibi wa miaka themanini anatoka na sauti ya mtoto wa chekechea. Dawa yake ni kuweka mwanzoni mwa mkanda sauti moja ambayo kimo chake kinajulikana, ili baadaye mwendo urekebishwe mpaka sauti hiyo ikae sawa. Karani alikuwa na kile chuma cha meno mawili cha kupimia sauti, kikapotelea Bumbuli. Basi zamu ikaniangukia. Nilipatanisha gitaa kwa kinanda cha kanisa la Kilutheri huko milimani, halafu kabla ya kila mwimbaji napiga uzi wa tano, mtupu, mara moja. Yaani la. Ikilia, nauacha uishe wenyewe. Hiyo ndiyo kazi yangu yote iliyohifadhiwa kwa ajili ya vizazi: la. Siku moja nilijaribu kuongeza uzi wa nne, kwa mapambo. Alirudisha mkanda nyuma bila kusema neno, akanitazama mpaka nikauomba radhi uzi wenyewe.

Alikuwa na adui mmoja, ambaye hawakuwahi kuonana: Hugh Tracey, yule Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika na kupita nchi zetu zote hizi mwaka 1950 na 1952 akirekodi, kisha mwaka 1954 akaanzisha maktaba yake ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini. Karani alimheshimu sana na kumchukia sana, kwa wakati mmoja, kama inavyowezekana kwa mtu aliyekuta shamba limekwisha kupitiwa. "Yeye alikuja na gari lililojaa mitambo," alikuwa akilalamika tukipanda kilima. "Mimi nimekuja na wewe."

Kilichomkosesha usingizi hasa ni Chemirocha. Tracey alikuta Wakipsigis wa Kenya, mwaka 1950, wanaimba habari za kiumbe wa jina hilo, nusu mtu nusu mnyama, anayeruka na kucheza. Kumbe ni Jimmie Rodgers, Mmarekani mwimba nyimbo za mashambani, aliyekufa tangu 1933. Santuri zake zilifika kule, jina likageuka, na mwenye jina akaota kwato. Wasichana waliouimba hawakuwa wamemwona wala hawakumhitaji. Miaka ya karibuni watu wa Kenya na maktaba hiyo wamezirudisha baadhi ya rekodi hizo vijijini, wazee wakajisikia wakiwa vijana. Karani aliposikia alinuna juma zima. Na yeye alitaka Chemirocha wake. Alitaka kukuta mahali, nyuma ya Mtae huko, watu wanamwimba Mbaraka Mwinshehe na mkia.

Tulichokikuta ni kingine.

Ilikuwa Mlalo, asubuhi, ukungu haujaondoka. Bibi mmoja mfupi, mchangamfu, akasema ana wimbo wa kutwanga alioachiwa na marehemu mama yake. Nikapiga la. Nikashika mchi. Bibi akaanza, na kabla hajamaliza mstari wa pili nikasimama na mchi hewani. Wimbo ule ni wetu! Maneno yalikuwa mengine, ya Kisambaa, kuhusu shemeji aliyeuza mbuzi asiye wake, ilhali sisi tuliimba barua ya mpenzi. Lakini sauti, kupanda kwake, pale inapokata na kurudi, ni wimbo wa bendi yetu, umepigwa redioni hadi watu wakauchoka. Nilisubiri bibi amalize, nikamwambia Karani kwa furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo kambini: Mzee, umenirekodi hatimaye! Huyo ndiye Chemirocha wako, na mimi ndiye mwenye kwato!

Karani akamgeukia bibi. "Mama yako alifariki lini, bibi?"

"Kabla ya Uhuru, mwanangu. Mimi nilikuwa bado sijaolewa."

Karani akanigeukia mimi, taratibu. "Basi mmemwibia."

Nikabisha. Nikasema bibi huyu ana redio ndani, tazama waya wa antena juu ya mgomba. Nikasema wimbo ule tuliutunga mazoezini, mbele ya macho yangu. Akaniuliza mtunzi ni nani. Nikamtajia mpiga solo wetu. Akaniuliza kwao ni wapi.

Kwao ni Mlalo.

Niliporudi mjini nilimuuliza mwenzangu huyo, kwa heshima zote, ule wimbo aliutoa wapi. Alisema swali hilo lisirudiwe. Mpaka leo sijui nani aliuchukua kwa nani, bibi kwa redio au redio kwa bibi, na wote wawili wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Daftari linasema: Asili: ya kale sana. Kasoro: mpiga gitaa anabishana. Bibi alipewa fedha ya sabuni na majani ya chai. Mimi, ambaye ama ni mwenye wimbo ama ni mshirika wa wizi, sikupewa chochote, na mchi nilirudishiwa nimalizie, kwani mahindi yalikuwa bado.

Nyumbani kwake Ngamiani kulikuwa na santuri pia, zile nzito za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zilizotengenezwa kwa utomvu wa mdudu na kuvunjika ukizitazama vibaya. Upande mmoja unabeba kama dakika tatu, basi. Alikuwa anasema hiyo ndiyo dhuluma ya kwanza aliyofanyiwa mwimbaji wa Kiswahili: Siti binti Saad alipopelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi, ilibidi nyimbo zilizokesha Unguja hadi alfajiri zikatwe ziingie kwenye dakika hizo. Alikuwa na moja ya Siti iliyovunjika vipande vinne, anaitunza kwenye kitambaa. Haiwezi kulia tena. Siku za sikukuu aliitoa na kuikalisha mezani, tunywe nayo chai. Mkewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiimiminia kikombe bila kuulizwa.

Halafu, miaka mingi baadaye, mikanda ikaanza kunata. Hiyo si ile ya siki, ni ya polista, ya baadaye. Gundi inayoshika unga wa sumaku hufyonza unyevu, na unyevu wa Tanga mnaujua. Ukiweka mkanda kwenye mashine unalia kama mlango na kuacha utando mweusi. Karani akapata habari kwamba dawa yake ni kuupasha moto mdogo wa nyuzi hamsini na kitu kwa saa nyingi, ndipo unaweza kuusikiliza na kuunakili kabla haujanata tena. Ila wa asetati usithubutu, utaharibika. Akawa anauinua kila mkanda mbele ya dirisha: ukipenya mwanga ni asetati, ukiziba ni polista.

Tatizo lilikuwa joto. Jiko la mkaa halina adabu hiyo. Lakini jirani yangu alikuwa na mashine ya kutotolea vifaranga.

Mashine hiyo hukaa kwenye nyuzi 37 na nusu. Jirani alikuwa amekwenda msibani Handeni na kuniachia ufunguo niwe naangalia umeme usikatike. Karani alinikuta barazani, akaazima ufunguo "akaone tu". Nilipomfuata, kidude cha joto kilikuwa kimekwisha kuzungushwa mpaka mwisho, mikanda imejipanga kwenye trei, na mayai yote yako mezani yamefunikwa kanga.

"Nimeyapumzisha," akasema.

Jirani alirudi siku ya pili yake asubuhi. Sitasimulia aliyoyasema, safu hii inasomwa na watoto. Wakati anasema, Karani aliuchukua mkanda wa kwanza uliopoa, akauweka kwenye mashine, akatuomba wote tunyamaze. Jirani, kwa mshangao, akanyamaza. Ikatoka la, ndefu, safi. Ukafuata mchi. Akafuata Bibi wa Mlalo, na ukungu wake wote, na shemeji yake mwizi wa mbuzi, sauti ipo wima kama jana. Jirani akakaa chini. Bibi yake mzaa mama alikuwa Msambaa. Akasikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa, halafu akauliza swali moja tu: huyu anayekohoa ni nani?

Mayai nililipa mimi. Karani alisema lipo fungu la kulipia lakini liko Dodoma.

Na kweli yuko Dodoma sasa, amevuka themanini, magoti yamemgomea, nami nilidhani nimestaafu. Wanakuja kwangu vijana wa vyuo na kompyuta zao kunakili mikanda. Wananiamkia vizuri, wanakunywa chai, na kila mmoja akifungua kompyuta jambo la kwanza analofanya ni kutafuta ile la yangu, airekebishie mwendo, kisha anaikata na kuitupa. Nawaona hivihivi.

Juzi simu. Saa kumi na moja alfajiri, maana Karani huamini watu wote huamkia treni.

"Bwana mdogo, umewahi kusikia muheme?"

Nikamwambia nani hajasikia muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, kila sherehe ya kitaifa wapo.

"Hujasikia. Umesikia za uwanjani. Huku kuna kijiji, kuna mabibi wanaimba sauti nyingi, kila mmoja na njia yake, hakuna aliyewafundisha kanisani. Njoo. Rekoda imenishinda kubeba."

Mjukuu wake amemnunulia rekoda ya kisasa inayoingia mfukoni. Anaitumia kuangalia saa.

Nikamwambia nina miaka yangu, nina mgongo, nina harusi ya kupigia mwisho wa mwezi. Nikamwambia hayo yote, huku natafuta kalamu niandike jina la kijiji. Nikamuuliza kama nije na gitaa lile la zamani au hili jipya.

"Gitaa la nini?"

"La kupimia sauti. Ile la."

"Aa, hiyo acha. Mjukuu amenitilia programu kwenye simu. Inatoa sauti yako ileile, tena yenyewe haikohoi."

"Basi Mzee, mimi nije nifanye nini huko?"

"Kuna uwele," akasema, "na mabibi wa huku ni wakali wa mapigo. Tafuta kinu hapo ulipo, uanze mazoezi."